Kuzuia Unyevu Katika Injini ya Gari la Kale Lisiloendeshwa Mara kwa Mara

Wamiliki wengi wa magari ya kale wana desturi moja wanayoiona kuwa ni matunzo mema: kila wiki, au kila wanapokumbuka, huondoa turubai, huwasha injini, huiacha ingurume kwa dakika tano au kumi gari likiwa palepale lilipo, kisha huizima na kulifunika tena. Desturi hiyo huingiza maji mengi katika injini kuliko kuliacha gari lilivyo. Katika mwongozo huu nitaeleza kwa nini mambo yako hivyo, kisha nitaeleza njia mbili ambazo mwenye gari anaweza kuzitegemea: ama kuliendesha barabarani mpaka oili ipate moto wa kutosha, ama kuilaza injini ipasavyo na kutoiwasha kabisa mpaka siku ya safari. Njia ya tatu iliyo kati ya hizo mbili mimi siioni.

Maji hayo hutoka wapi

Maji mengi yanayokutwa ndani ya injini iliyokaa hayakuvuja kutoka kwenye rejeta wala hayakuletwa na mvua. Yametengenezwa na injini yenyewe. Petroli imeundwa kwa haidrojeni na kaboni, na inapoungua, haidrojeni hiyo huungana na oksijeni ya hewani na kuwa maji, kiasi kwamba kila lita moja ya petroli inayoungua hutoa takriban lita moja ya maji katika hali ya mvuke. Sehemu kubwa ya mvuke huo hutoka kwa njia ya ekzosi, na ndiyo maana bomba hudondosha maji injini inapowashwa ikiwa baridi. Lakini sehemu nyingine hupenya pembeni mwa ringi za pistoni na kushuka hadi chumba cha krenki, ilipo oili. Injini ikiwa na moto wa kutosha, mvuke huo hubaki kuwa mvuke na kutafuta njia ya kutokea. Injini ikiwa bado baridi, mvuke hugeuka matone kwenye kuta za chuma, chini ya tapeti kava (kifuniko cha juu ya valvu) na ndani ya kifuniko cha kutilia oili, kisha matone hayo huteremka na kuchanganyika na oili iliyo kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini.

Chanzo cha pili ni hewa. Injini ya kale ni pande kubwa la chuma ambalo hupoa taratibu na kupata joto taratibu, na kwa hiyo baada ya usiku wa baridi hubaki baridi kwa saa kadhaa hata pale hewa ya nje inapokuwa imekwisha kupata joto. Hewa yenye nyuzijoto 25 na unyevu wa asilimia 80 huanza kuacha umande inapogusa kitu chochote chenye nyuzijoto 21 au chini ya hapo, na chuma cha injini asubuhi huwa hivyo mara nyingi. Hewa hiyo haizuiliwi na kitu: huingia kwa kabureta, huingia kwa ekzosi, hupita kwenye valvu zilizosimama wazi. Injini ya silinda nne haiwezi kusimama valvu zote zikiwa zimefungwa, hivyo daima kuna angalau silinda moja inayovuta hewa ya nje muda wote gari linapokaa.

Maji peke yake hutosha kuleta kutu kwenye kuta za silinda, kwenye shina za valvu na kwenye kamshafti, mtaimbo unaofungua valvu hizo. Hata hivyo, madhara makubwa zaidi hutokea maji hayo yanapokutana na oksidi za naitrojeni na salfa zilizotokana na mwako, kwa sababu mchanganyiko wao ni asidi. Beringi za injini za zamani, ambazo nyingi zimetengenezwa kwa metali laini kama risasi, shaba na bati, huliwa na asidi hiyo kimyakimya gari likiwa limesimama, na mwenye gari hatambui lolote mpaka shinikizo la oili linapoanza kushuka.

Kwa nini injini za zamani huathirika zaidi

Injini nyingi zilizotengenezwa kabla ya miaka ya 1960 hazina valvu ya kuvuta mvuke wa chumba cha krenki na kuurudisha kwenye kabureta ili uungue. Badala yake zina bomba rahisi linaloteremka kutoka kwenye injini na kuishia chini ya gari, na mdomo wake umekatwa mshazari. Gari linapokwenda kwa mwendo wa kutosha, upepo unaopita kwenye mdomo huo hufyonza mvuke na kuutoa nje. Gari linapokuwa limesimama hakuna upepo, na kwa hiyo hakuna kinachofyonzwa. Mwenye gari la namna hii anayeiacha injini ingurume bila gari kwenda anatengeneza mvuke kwa mkono mmoja na kufunga mlango wa kutokea kwa mkono wa pili.

Jambo jingine ni choki. Injini baridi huhitaji petroli nyingi ili iwake, na choki ndiyo inayoruhusu petroli hiyo ya ziada. Petroli ambayo haikuungua huosha oili kwenye kuta za silinda, huziacha zikiwa tupu mbele ya unyevu, kisha huteremka kwenye sampu na kuifanya oili kuwa nyepesi. Mwasho mmoja mfupi basi huleta hasara mbili: maji mapya na kuta zisizo na kinga.

Kuendesha mpaka oili ipate moto

Kama barabara inapatikana na gari liko katika hali ya kuendeshwa, hakuna dawa iliyo bora kuliko safari ya kweli. Tatizo ni kwamba wengi hutazama geji ya maji, na ikishafika katikati hudhani kazi imekwisha. Maji ya rejeta hupata moto mapema. Oili huchelewa sana, mara nyingi kwa muda unaofika mara mbili ya ule wa maji. Ili unyevu uliomo ndani ya oili utoke kwa haraka, oili yenyewe inapaswa kukaribia nyuzijoto 90 au kupita, na ikae katika joto hilo kwa muda. Kwa hali ya hewa ya kawaida, safari ya dakika 30 hadi 45 ya mwendo wa barabara kuu, si ya kusimama na kuondoka kwenye foleni, ndiyo ninayoihesabu kuwa safari. Wakati wa baridi kali iwe ndefu zaidi. Mara moja kwa mwezi inatosha kabisa, na ni heri safari moja ndefu kwa mwezi kuliko safari nne fupi.

Gari lisilo na geji ya joto la oili halimnyimi mwenyewe habari. Shinikizo la oili hushuka kadiri oili inavyopata moto na kuwa nyepesi. Geji ya shinikizo inapotulia mahali pamoja kwa dakika kadhaa katika mwendo uleule, oili imekwisha kufika kwenye joto lake. Choki nayo irudishwe mapema kadiri injini inavyoruhusu, na injini isipigwe moto kwa kukanyagwa sana ikiwa baridi.

Hapa kuna kosa moja ambalo napenda kulisisitiza, maana limeenea mno. Katika magari mengi ya kale thamostati, yaani valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, iliondolewa zamani na fundi aliyeogopa injini kuchemka, na haikurudishwa. Injini isiyo na thamostati huendeshwa baridi siku zote. Mwenye gari anaweza kusafiri saa nzima na oili isifike kwenye joto linalokausha unyevu. Kama rejeta ni safi na pampu ya maji ni nzima, thamostati haisababishi injini kuchemka. Irudishwe, ya kiwango kilichoandikwa katika kitabu cha gari, ambacho kwa injini nyingi huwa kati ya nyuzijoto 80 na 90. Kwenye nchi za baridi, kuziba sehemu ya mbele ya rejeta kwa kipande cha kitambaa kizito au ngozi ni desturi ya tangu zamani na bado inafaa, ilimradi dereva aitazame geji.

Bomba la kupumulia la chumba cha krenki lisisahauliwe. Baadhi yake yana wavu wa chuma ndani yake unaozibwa na oili iliyokauka, na ukiziba, mvuke hukosa njia hata gari likikimbia. Livuliwe, lioshwe kwa mafuta ya taa na likaushwe kabla ya kurudishwa. Kazi hiyo haina gharama, na mara nyingi ndiyo inayoondoa ule utelezi mweupe wa oili iliyochanganyika na maji, chini ya kifuniko cha kutilia oili, ambao mwenye gari amekuwa akiufuta kila mwezi.

Oili ihesabiwe kwa miezi

Gari linalokwenda kilomita chache kwa mwaka haliwezi kuhesabiwa oili yake kwa kilomita. Oili hiyo haikuchakaa kwa kazi, lakini imekusanya maji, petroli na asidi, na viambata vyake vya kuzuia kutu vimepungua. Ibadilishwe kila mwaka hata kama gari halikutembea kilomita 500, pamoja na filta yake. Wakati wa kuibadilisha ni mwisho wa msimu wa kuendesha, kabla gari halijapumzishwa. Wengi hungoja mpaka linapotolewa ili lianze msimu na oili mpya, na kwa kufanya hivyo huacha asidi ikae juu ya beringi kwa miezi yote ya mapumziko. Imwagwe ikiwa bado ya moto, mara tu baada ya safari ndefu, kwa kuwa wakati huo uchafu umeelea ndani yake na hutoka nayo.

Aina ya oili ifuate kitabu cha gari na ushauri wa fundi anayeijua injini hiyo. Nitaongeza tahadhari moja tu: injini iliyotumia kwa miaka mingi oili isiyo na viambata vya kusafisha, hasa isiyo na filta, isihamishiwe ghafla kwenye oili ya kisasa yenye viambata hivyo bila kufungua sampu na kuondoa matope yaliyolala humo, kwa sababu yakianza kumomonyoka yanaweza kuziba njia za oili.

Kutambua kama maji yamekwisha kuingia

Utelezi wa rangi ya maziwa ndani ya kifuniko cha kutilia oili ni ishara ya kwanza. Peke yake haumaanishi kuwa gasketi ya silinda hedi, ile inayozuia maji ya rejeta yasiingie kwenye oili, imekufa, jambo ambalo limewafanya wengi wafungue injini nzima bila sababu. Kifuniko hicho kiko mbali na moto na hupoa upesi, kwa hiyo mvuke hukimbilia hapo. Kitazamwe pamoja na kijiti cha kupimia oili: ikiwa oili kwenye kijiti ni safi, kiwango cha maji ya rejeta hakipungui na utelezi hutoweka baada ya safari moja au mbili ndefu, huo ni unyevu wa mwako tu. Ikiwa oili yenyewe imebadilika rangi, au imepanda kwenye kijiti bila kuongezwa, au rejeta inapungukiwa, injini isiwashwe tena mpaka fundi aipime.

Kipimo kingine kinahitaji subira zaidi lakini hakidanganyi. Gari likiwa limesimama kwa siku kadhaa, maji, ambayo ni mazito kuliko oili, huwa yametulia chini kabisa ya sampu. Boliti ya kumwagia oili ilegezwe taratibu, chombo kisafi kikiwa chini yake, na matone ya kwanza yakingwe na kutazamwe kama ni oili au ni maji, kisha boliti ikazwe. Anayetaka uhakika wa kiasi kidogo zaidi anaweza kudondosha tone la oili kwenye bamba la chuma lililopata moto wa nyuzijoto 150 hivi. Oili kavu hutandaa na kutoa moshi, oili yenye maji hutatarika. Avae miwani ya kukinga macho na asimame mbali na petroli.

Kuilaza injini kwa miezi mingi

Gari ambalo halitaendeshwa kwa zaidi ya miezi miwili au mitatu lilazwe kwa utaratibu. Siku ya kulilaza, liendeshwe safari ndefu kama nilivyoeleza, ili injini na ekzosi vikauke kabisa, na kabla ya kurudi tanki lijazwe petroli karibu na pomoni. Tanki lenye nafasi kubwa ya hewa huvuta umande ndani yake kila joto linapopanda na kushuka. Petroli isiyo na ethanoli ni bora sana kama inapatikana, kwa kuwa ethanoli hufyonza maji ya hewani, na ikizidiwa hutengana na petroli na kutuama chini ya tanki pamoja na maji hayo. Dawa ya kuhifadhi petroli itiwe kabla ya safari ya mwisho ili ifike hadi kwenye kabureta. Bakuli la kabureta lenyewe limwagwe.

Baada ya safari, oili ya moto imwagwe, filta ibadilishwe na oili mpya itiwe. Sasa oili hiyo mpya inapaswa kusambazwa, na hapa ndipo watu huwasha injini tena na kuirudishia unyevu waliotoka kuutoa. Ni afadhali kukata umeme unaokwenda kwenye koili (inayozipa plagi cheche), kutoa plagi zote, na kuizungusha injini kwa stata kwa vipindi vifupi mpaka geji ya shinikizo ipande. Oili itafika kila mahali bila tone la petroli kuungua.

Plagi zikiwa bado nje, kila silinda ipuliziwe oili ya kuhifadhia injini, ile ya mkebe ambayo hunata kwenye kuta na haishuki upesi. Kiasi kidogo kinatosha, kama kijiko kimoja cha chai. Oili nyingi ikijaa juu ya pistoni inaweza kupinda mkono wa pistoni siku ya kuwasha, kwa sababu oili haibonyezeki. Injini izungushwe kwa mkono mizunguko miwili ili oili ipake ukuta wote, kisha silinda zipuliziwe mara ya pili kidogo bila kuizungusha tena.

Baada ya hapo, badala ya plagi za kawaida zinaweza kufungwa plagi maalumu za plastiki zenye silika jeli, ambazo hufyonza unyevu uliomo ndani ya silinda na kubadilika rangi zinaposhiba: nyingine hutoka buluu hadi waridi, nyingine hutoka rangi ya chungwa hadi kijani. Plagi hizo hazina maana kama hewa mpya inaingia bila kikomo. Kwa hiyo mdomo wa kabureta, mdomo wa ekzosi na bomba la kupumulia la chumba cha krenki vizibwe kwa vitambaa vilivyoloweshwa oili na kufungwa kwa plastiki, injini ikiwa imepoa kabisa. Vitambaa hivyo viwe vya rangi kali, vining'inie nje kidogo, na kwenye usukani ifungwe karatasi inayotaja kila kilichozibwa. Silika ikaguliwe kila mwezi na ibadilishwe au ikaushwe inapobadilika rangi.

Maji ya rejeta yasimwagwe. Njia za maji zilizo na unyevu na hewa kwa pamoja hushika kutu haraka kuliko zilizojaa. Zijazwe kulanti mpya, yaani kipozeo cha rejeta, yenye kinga ya kutu inayokubaliana na injini ya chuma na rejeta ya shaba, na ibadilishwe kila baada ya miaka miwili, kwa kuwa kinga hiyo huisha hata gari likiwa limelala. Pedali ya klachi ikandamizwe kwa kipande cha mbao ili sahani yake isigandamane kwa kutu na flaiwili, lile gurudumu zito lililo nyuma ya injini.

Mahali pa kulilaza

Injini iliyozibwa vizuri ndani ya banda lenye unyevu bado imo hatarini, ingawa hatari ni ndogo zaidi. Kutu huongezeka kwa kasi unyevu wa hewa unapopita asilimia 60, hivyo lengo liwe kati ya asilimia 45 na 55. Chini sana ya hapo mbao, ngozi na mipira ya gari huanza kukauka na kupasuka. Kipima unyevu ni kifaa kidogo na kila mwenye gari la kale anapaswa kuwa nacho ukutani. Mashine ya kukausha hewa inayotumia kompresa hufanya kazi vizuri penye joto, lakini uwezo wake hupungua sana katika baridi; kwenye banda la baridi ile inayotumia kifyonza unyevu ni bora.

Sakafu nayo huchunguzwa kwa urahisi: kipande cha plastiki kibandikwe kingo zote juu ya saruji na kiachwe kwa siku moja au mbili. Kikiwa na matone upande wa chini, saruji inapitisha maji kutoka ardhini, na shuka zito la plastiki litandikwe chini ya gari zima. Juu ya gari kinyume chake ndicho kinachotakiwa: kifuniko cha kitambaa kinachopumua, kamwe si plastiki, kwa sababu plastiki hufungia umande ndani.

Palipo na umeme, kipasha joto kidogo cha wati chache karibu na sampu hufanya kazi kubwa, kwani chuma kinachozidi joto la hewa kwa nyuzi tatu au nne tu hakishiki umande kabisa. Jiko la mafuta ya taa au la gesi lisitumike kwa kazi hii. Mwako wake hutoa maji kama ule wa petroli, na banda zima hulowa, mbali na hatari ya moto.

Kuiamsha

Siku ya kulitoa gari, vitambaa vyote vihesabiwe kwa karatasi iliyo kwenye usukani. Plagi za silika zitolewe, injini izungushwe kwa mkono ili kuhakikisha hakuna kilichogandamana, kisha izungushwe kwa stata bila plagi mpaka shinikizo la oili lionekane. Ndipo plagi za kawaida zifungwe, umeme wa koili urudishwe na injini iwashwe. Itatoa moshi mwingi kwa dakika chache kwa ajili ya oili iliyopuliziwa. Isizimwe hapo, gari liondoke taratibu na liendeshwe safari kamili mpaka oili ipate moto. Kama lilikuwa limelala zaidi ya mwaka, oili iliyokaa humo muda wote huo imwagwe mara linaporudi, ikiwa bado ya moto, na itiwe mpya.